Eliane Anakuya Kusaidia Afrika

Vulamba, Butembo, tarehe 9 Februari 2025

Ndugu yangu Malachie,

Nakusalimia na mikono mbili, wewe na bibi yako wa ndoa na mutoto. Huku tuko wazima, ile uzima ya Butembo ya sasa: unaamuka, unaangalia kama batu ya mu nyumba bote beko, unashukuru Mungu, unaenda ku soko. Batu ya Lubero banakimbia vita na banazidi kufika na magodoro ku kichwa, na kanisa yetu imejaa hadi ku veranda. Mimi ningali nauza bikwembe, nguo ya bamama. Mama yetu Florentine ako kwangu tangu alikimbia mauaji ya Oicha, na shamba ya cacao sijui nani anaivuna. Goti inamusumbua, lakini kinywa yake ni ile ile unayoijua.

Nakuandikia na bic na karatasi, juu ku WhatsApp unasomaka halafu unanyamaza, na nikikuuliza unasema réseau ilikata. Barua haina réseau. Luc, mutoto ya baba mukubwa, anapanda Kampala kununua bilatu ya kuuza, na ataiposta kule.

Sasa tuingie mu maneno. Luc alinionyesha picha ya binti yako Eliane ku simu. Ameshika carton yenye maandishi makubwa, eti anaenda kusaidia batoto ya Afrika. Mu mwezi wa saba, yeye na wanafunzi wenzake ya sekondari batakuya Kasese kusaidia. Nilisoma mara mbili. Nilifikiri ni Kasese ingine, labda Bazungu beko na yabo.

Kasese, Malachie. Ile ya nyuma ya mupaka, mu Uganda, kwenye tunaendaka kutafuta chumvi. Batu yake banasema luga yetu na bako na makabila yetu, mama akikohoa ku Kasindi kule banamuambia pole. Binti yako atapita juu ya bahari, atashuka karibu na mulango ya mukaka yake, mama yetu, na atasaidia jirani. Mukaka mwenyewe njo haonekani mu programu.

Unajua mimi Mungu hakunipa mutoto. Eliane njo mujukuu wa pekee mama ako naye, na hajamuona hata siku moja. Mama anazeeka. Anataka kitu moja tu mbele ya kufa: kumuangalia huyo mutoto mu macho. Donc ulizia bakubwa ya hiyo programu siku gani batamuachilia, ao kama ni sisi tutamufuata kule. Mimi ninangoja jibu, na mama anangoja kuliko mimi.

Yaya yako, dada mukubwa,
Katungu


Sherbrooke, Canada, tarehe 23 Machi 2025

Yaya Katungu,

Amani ya Bwana ikae mu nyumba yako. Barua ilichelewa ku njia lakini ilifika nzima. Sisi tuko salama, baridi bado inatupiga, theluji ilifunika gari yangu tena juma hii. Kazi ku entrepôt, mu ghala ya mizigo, inaendelea. Bibi yangu anakusalimia. Nilisikitika juu ya goti ya mama, mumutafutie ile dawa ya kupakaa.

Juu ya Eliane, hapana kukasirika. Programu ni ya serieux. Kanisa yetu na école yake njo banaipanga pamoja, na hata bazazi ya Bazungu banaifurahia. Batatia rangi darasa, batapanda miti, batafundisha batoto nyimbo na kuosha mikono. Ku mwisho bataenda kuangalia nyama ya pori ku parc. Ku université ya huku banapendaka kuona kwamba mutoto alisaidia batu ya mbali, inamufungulia mulango. Kila mutoto alisimama mbele ya kanisa kueleza juu ya nini anaenda. Eliane alisema vizuri sana, batu balilia.

Lakini kuna règlement, sheria ya programu. Batoto habaruhusiwi kutoka mu groupe, na batu ya inje habaingie, juu ya usalama. Njia ya Beni nayo unaijua kuliko mimi, hata wewe hautataka mama apite pale na ile hali ya sasa. Kwa hiyo nakuomba usimuambie mama kitu. Itamuumiza bure. Siku ingine tutapanga visite ya kweli, Mungu akipenda.

Ndugu yako mudogo,
Malachie


Vulamba, Butembo, tarehe 18 Mei 2025

Malachie,

Salamu kwako na kwa jamaa. Huku mvua iliharibu njia ya soko, na mbuzi ya mama Kahongya wa nyuma yetu iliibiwa usiku. Muchungaji alifunga harusi tatu mu siku moja ili batu bakule mara moja tu. Mama anasalimia. Asante kwa habari ya theluji. Sikuuliza habari ya theluji.

Unasema nisimuambie mama. Ulichelewa. Vulamba muzima banajua kwamba mujukuu wa Florentine anakuya, hadi muchungaji aliitangaza mu maombi. Mama amechagua kuku yake, ile nyekundu, ameifunga kitambaa ku muguu ili nisiuze kwa makosa. Unajua kwetu mukaka haangalie mujukuu mara ya kwanza na mikono mitupu. Kila asubui anaishika na kuipima na mikono, halafu ananiambia: «Bado. Mwezi wa saba itakuwa tayari.»

Sasa turudi ku programu yako ya serieux. Batoto ya Sherbrooke bakuye kutufundisha kuosha mikono. Malachie, Ebola ilipita hapa. Batu ya Beni na Butembo banaosha mikono ku mulango ya kanisa, ku mulango ya soko, ku mulango ya matanga, hadi ngozi inataka kutoka. Sisi njo tungepanda ndege kuwafundisha nyinyi. Tungesimama ku mulango ya entrepôt yako na ndoo ya maji ya javel, tumevaa maillot ya rangi moja, na tungewapiga picha mukiosha mikono.

Na kutia rangi. Vijana ya chorale yetu walitia rangi kanisa nzima siku ya posho, Jumamosi, mama moja akabapikia fufu na sombe, basi, bakaenda kwabo. Hakuna mutu aliwalilia. Huku kwetu, kama njia imeharibika, tunatoka na majembe tunaitengeneza. Na wazee balisema mugeni siku mbili, ya tatu mupatie jembe. Hao bageni yenu bananyang'anya brashi ku mukono ya fundi siku ya kwanza, ili wapate kitu ya kuandikia université. Halafu banaenda kuangalia tembo. Tembo hao hao banatoka ku parc na kukula mihogo ya batu ya Kasindi. Kama banawapenda hivyo, babachukue, tutawafungia mizigo.

Lakini sikuandika juu ya tembo. Nakuuliza kitu na unijibu. Kwa nini Eliane hajasema na mama hata siku moja ku simu? Kila tukipiga, Eliane ako ku masomo. Eliane analala. Eliane ako ku piscine. Ni mutoto gani anaoga miaka yote hiyo? Mama ananyamaza juu anakupenda. Mimi nami nakupenda, lakini kunyamaza sijui.

Règlement yenu nimeisoma. Mama haiko mutu ya inje.

Katungu


Sherbrooke, tarehe 15 Juni 2025

Yaya yangu,

Ninawasalimia wote. Bibi yangu alikuwa na mafua, sasa amepona. Huku jua limeanza.

Nakuomba na magoti chini, musiende Kasese. Siwezi kueleza mu barua. Kuna mambo ya makaratasi, ya tangu niliingia huku, na ikivunjika tutateseka sote, na Eliane pia. Kama mumeshakata shauri na mutaenda, basi mumuangalie tu kwa mbali. Musimuambie muko nani. Nakuomba kama ndugu yako wa tumbo moja.

Mama umuambie ninamukumbuka kila siku.

Malachie


Vulamba, Butembo, tarehe 3 Agosti 2025

Malachie,

Nakusalimia, juu mama alitufundisha kusalimia hata mutu mwenye anatukosea. Goti ya mama imevimba juu ya safari. Bikwembe haviuzike. Habari ya jamaa imeisha.

Tulienda. Tulilala Beni, ku Beu, kwa Solange tuliyeimba naye chorale. Asubui tukangoja convoi ya basoda benye kulinda magari, tukashuka Kasindi ku mupaka, tukapata jeton, ile karatasi ya kuvuka. Douanier, mutu ya forodha, aliuliza kuku inaenda kufanya nini Uganda. Mama akamujibu inaenda kusalimia mujukuu. Akacheka, akatuachilia. Huyo alielewa mbio kuliko programu nzima.

Tulifika siku ya sikukuu yabo ya kufungua darasa. Bamama bote ya kijiji balikuwa baliitwa, donc ku mulango hakuna mutu alituuliza kitu. Balituikalisha ku benchi ya mbele, juu mama ni muzee na Bazungu banapenda wazee ya mbele ku picha. Darasa yenyewe ilitiwa rangi ukuta moja na nusu. Nusu ingine, wanasema, ni ya groupe itakayokuya nyuma.

Eliane nilimutambua mbele ya mutu kunionyesha. Ana paji ya uso ya baba yetu, ile inayosimama kama anataka kubishana. Mama naye alimutambua. Lakini hakusimama. Unajua desturi yetu, ao umeisahau nayo: mukubwa hajitaje kwa mujukuu. Mujukuu analetwa na baba yake, na kama baba hayuko, analetwa na shangazi. Mama alikaa na kuku ku magoti, ananiangalia mimi. Anangoja nisimame, nimushike mutoto mukono, nimulete. Na mimi nilikaa pale na barua yako mu kichwa. Musimuambie muko nani. Nilikutii, Malachie. Sijawahi kujichukia vile.

Halafu micro ikapita. Kila mutoto aseme juu ya nini alikuya. Moja alisema ku Kasese amejifunza furaha. Mwingine alisema batoto ya hapa hawana kitu na wanacheka, kama kucheka ni kitu inauzwa. Mwalimu Mathe wa kule alikuwa anageuza mu luga yetu, na bamama banapiga makofi juu baliambiwa bapige.

Eliane akashika micro. Mathe akageuza neno kwa neno. «Nilikuya juu ya mukaka yangu Florentine, mwenye baliua ku Oicha mbele mimi nizaliwe, yeye na jamaa yote ya baba yangu. Sikumuona. Kila mama muzee ninayemusaidia hapa, ninasaidia yeye.» Akaanza kulia. Bamama balilia naye, juu huku kwetu hakuna mwenye hana mufu.

Basi njo makaratasi yako. Ulituua sote. Ulisimama mbele ya meza ya Bazungu benye kupokea wakimbizi na ukatuzika, mama na mimi, ili bakufungulie mulango. Wazee banasema njia ya muongo ni fupi, lakini yako ilivuka bahari na ikazaa mutoto. Nilitaka kumuuliza Eliane kama shangazi yake Katungu naye alikufa, na kama kuko mutu alimulilia. Kukimbia sikukulaumu kamwe. Balikuwa banaua kweli, jirani yetu alikufa ku shamba yake, na mutu anayekimbia anasema kinachomuokoa. Lakini bahari ulishavuka, makaratasi ulishapata, mutoto akazaliwa, akakua, na siku zote hizo ulimukalisha ku meza yako na mama aliyekufa wakati mama anakula maharagi kwangu. Hiyo haikuwa makaratasi tena. Hiyo ilikuwa wewe.

Nilisimama. Mama akanivuta kikwembe hadi nikakaa. Yeye njo akasimama. Akaenda polepole na ile goti yake, akafika mbele ya Eliane, akamupatia kuku na mikono mbili. Akasema mu luga yetu, Mathe akageuza: «Pole, mutoto wangu. Pole kwa mukaka yako. Angekuona angefurahi sana.» Alimupatia pole ya kifo yake mwenyewe, Malachie. Kuku ya kumukaribisha ikawa kuku ya matanga. Eliane akamukumbatia mama, akalilia ku bega yake, na mama akamupapasa mugongo, na batu banapiga picha. Mama alimushika muda murefu.

Ungefikiri imeisha. Bado. Tulipofika ku mulango, madame mukubwa ya programu akatukimbilia, kuku ku mukono, anacheka vizuri. Kumbe règlement inakataza kupokea zawadi ya maskini. Akarudishia mama kuku yake, na juu yake akamuongezea mufuko: sabuni na brosse ya meno. Meno ya mama unayajua. Eliane alikuwa nyuma yake, anatupungia mukono.

Mu gari nilimuambia mama turudi, nitavunja huo mulango na nitasema yote. Akakataa. Aliniambia: «Nikisema, mutoto anapata mukaka na anapoteza baba. Mimi naye tutakuwa pamoja siku ngapi? Baba yake njo atamukuza.» Hata sasa anakulinda. Nilikasirika naye hadi Kasindi, halafu nikalia hadi Beni.

Lakini tangu turudi, kuna kitu imemushika. Kwetu, kitu mutu ameleta ku matanga hairudishwe. Ukimurudishia, unamuambia matanga haijaisha, ao haukubali pole yake. Yule madame hakujua, alifikiri anafanya mema, ile mema yabo ya kucheka na meno yote. Mama sasa hali kuku, hauzi kuku, hataki mutu aiguse. Anakaa ku veranda. Bajirani bakimusalimia anabajibu kidogo. Simu ikilia anasema mupokee nyinyi, mufu haongeeke ku simu. Hatanii. Nilidhani anatania, na hatanii.

Jana aliniita nilete bic. Alisema nikuandikie kitu moja tu, mengine yote ni yangu. Anakuuliza: ulipobaambia alikufa, ulibaambia alizikwa wapi? Anataka kujua.

Katungu


Sherbrooke, tarehe 19 Oktoba 2025

Yaya,

Sina salamu ya kuandika. Barua yako nilikuwa nayo mu mufuko ya kazi mwezi muzima.

Muambie mama hivi: habakuniuliza. Balitaka tarehe, balitaka kujua nani aliua na kama niliona na macho. Mahali ya kaburi hakuna mutu aliitaka. Nilishukuru sana siku ile kwamba habakuuliza.

Juma iliyopita Eliane alitundika picha mu chumba yake. Ni yeye na mama, banakumbatiana, kuku iko katikati. Aliniita nije kuona. Aliniambia huyo mama muzee wa Kasese hamutoki mu roho, na kwamba mwaka ujao atarudi na groupe, lakini safari hii atavuka hadi Congo kuweka maua ku kaburi ya mukaka Florentine. Akachukua simu yake ili aandike mahali. Akaniuliza kaburi iko wapi.

Bibi yangu, mama ya Eliane, alikuwa amesimama ku mulango. Yeye anajua yote tangu zamani, na aliangalia chini. Halafu nikaweka kidole ku picha, ku uso wa mama.

Eliane hasemi na mimi tangu siku hiyo. Anakula ku chumba yake. Makaratasi sijui itakuwaje, labda ataenda kubaambia Bazungu ya makaratasi, labda hapana, sikumuomba anyamaze. Numero yako aliichukua mu simu yangu nikiwa kazini. Akikupigia, mupatie mama simu.

Malachie